Chumba Chenye Nusu Mtu

Skrini iliyo juu ya mlango wa chumba cha baridi ilionyesha kwamba ndani mna watu bilioni nne na ushee.

Chumba chenyewe watu kumi wangebanana. Kilikuwa na rafu za chuma, maboksi ya chanjo na ya dawa zisizopatana na joto, feni kubwa darini, na baridi ya kukata masikio. Basi asubuhi ile wafanyakazi wa ghala walikusanyika chini ya skrini wakacheka hadi machozi. Mmoja aliuliza watu wote hao wanalala wapi. Mwingine akasema ndiyo maana foleni ya chooni haiishi. Mama mlinzi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango na kumshuku kila mtu, aliapa kwamba hajamwona hata mmoja wao akipita kwake.

Akaitwa Nukta, kwa kuwa ndiye aliyeiandika programu ya mlango. Nyumbani kwao alikuwa na jina jingine, ila wiki yake ya kwanza kazini alihangaika na kosa moja mpaka macho yakamvimba, kumbe ni nukta moja tu iliyokaa pasipo pake. Wenzake hawakumsamehe. Jina likamganda, na hata mumewe, aliyekuwa msimamizi wa chumba hichohicho cha baridi, alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Mumewe naye hakuwa salama, maana ghala zima lilimwita Bwana Barafu.

Mlango wa chumba kile haukuwa kama milango mingine. Ulikuwa wa kuzunguka, umesimama kama pipa refu, na pipa ndilo jina waliloupa. Unaingia peke yako, linazunguka, unatokea upande wa pili; wakijibana wawili linakataa kuzunguka. Zamani kulikuwa na mlango wa kawaida wenye kitasa ndani na nje, lakini dawa zilipoanza kuota miguu meneja akaung'oa, akaweka pipa. Ndani ya pipa kulikuwa na jicho la mwanga lililohesabu watu. Anayeingia, ongeza moja. Anayetoka, punguza moja. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, taa zinawaka, feni zinapuliza taratibu, na aliye ndani akibonyeza kitufe pipa linamtoa. Hesabu ikiwa sifuri, taa zinazimika, feni zinapuliza kwa nguvu zote, na pipa halimtoi mtu, kwa sababu hakuna mtu wa kutolewa. Kuingia kulihitaji kadi tu. Kila aliyeelezwa mpango huo aliusifu, na Nukta alitembea wiki nzima kichwa juu.

"Ni kitu kidogo hiki," aliwaambia waliokuwa wanacheka. "Mnaijua ile mita ya kilomita kwenye magari ya zamani? Iko sifuri tupu, mtu akairudisha nyuma kidogo. Haiwezi kusema kasoro moja. Inageuka tisa tupu. Na mashine ni hivyohivyo. Kisanduku nilichokipa kuhifadhi hesabu hakijui namba iliyo chini ya sifuri, kwa hiyo kikirudi nyuma kinarukia namba kubwa kuliko zote."

"Kwa hiyo ilirudi nyuma," mumewe alisema.

"Hatua moja."

"Haya, nieleze mimi nisiyesoma mambo yenu. Kurudi nyuma hatua moja ni nini?"

Nukta alifungua mdomo kujibu, na jibu likamfika kabla hajalisema. Ilikuwa ni kwamba chumba kilikuwa kitupu, halafu mtu akatoka.

"Jicho limekosea," alisema. "Ukungu wa barafu huo."

Walioelewa waliacha kucheka. Mumewe aliingia kukagua, akatoka akipekecha pua. Ndani ya chumba kile hata kitunguu kilichooza hakinuki, baridi inaua kila harufu. Lakini yeye alisema mle ndani kunanuka nywele zilizoungua.

Nukta alifanya kile ambacho mafundi wote wa programu wangefanya. Aliongeza jicho la pili, ili moja likizubaa jingine likumbuke, na kila jicho akalipa kuhesabu nusu ya mtu. Ukipita mbele ya yote mawili, wewe ni mmoja kamili. Akabadilisha kisanduku, akaweka kinachojua nusu na kinachojua namba zilizo chini ya sifuri. Kisha akaiagiza mashine iigeuze kila nusu kuwa namba kamili kabla ya kuonyesha hesabu na kuamua taa na pipa, maana hakuna nusu mtu, na hesabu yoyote itakayoshuka chini ya sifuri iandikwe sifuri. Alijaribu mara nyingi, akaingia na kutoka mpaka pua ikawa nyekundu, na kila mara hesabu ilikuwa sawa. Meneja alimpigia simu kumpongeza.

"Umefuta namba," mumewe alimwambia wakati wa chakula cha mchana, kwa sauti ya chini, akiangalia kama kuna anayesikiliza. "Aliyetoka hujamfuta."

"Hakuna aliyetoka, mume wangu."

"Sawa. Hakuna." Alisukuma sahani yake. "Jana nilikuwa napanga maboksi, nikasikia mtu anahema nyuma ya rafu ya mwisho. Nikafikiri ni feni. Nikasimama nisikilize. Na yeye akaacha kuhema."

Nukta alicheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri. Alikuwa anampenda mtu huyu. Alikuwa mzito wa maneno, mwepesi wa kusaidia, hajui kusema uongo hata wa adabu. Ukimpikia chakula kibaya anakila chote kisha anakuambia ni kibaya. Mtu kama huyo akikuambia amesikia mtu anahema, huna pa kumkamatia.

Baada ya hapo ndipo ikaja ile alama. Mchana mmoja chumba kikiwa kitupu, skrini ilionyesha sifuri, na mbele ya sifuri kistari kidogo kilicholala. Alama ya kutoa. Sifuri kasoro.

Mama mlinzi ndiye aliyeiona kwanza, akakimbia kumwita Nukta huku ameshika kandambili mkononi. "Njoo uone! Mashine yako inasema ndani hakuna mtu, halafu hata huyo hakuna wako amepungua!"

Nukta alijua ni nini, na kwa kujua kwake hakuogopa kama ilivyompasa. Mashine zina sifuri mbili. Iko ya kawaida, na iko yenye alama ya kutoa. Ukiiuliza mashine kama zinalingana, inajibu ndiyo. Ukiiuliza kama hii ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, inajibu hapana, na ndiyo maana lile agizo lake la kufuta kilicho chini ya sifuri lilikuwa halikukamata kitu. Lakini si sifuri moja. Gawa moja kwa ile ya kawaida, mashine inakupeleka juu kusikokuwa na mwisho. Gawa moja kwa ile nyingine, inakushusha chini, nako hakuna mwisho. Sifuri ya pili hutokea pale ambapo kitu kidogo sana kimepungua, kidogo kiasi cha kufutwa, na alama inabaki peke yake. Aliangalia kilichokuwa kimefutwa. Ilikuwa kasoro nusu. Kitu kilikuwa kimepita mbele ya jicho moja, kikatoka, na jicho la pili halikukiona.

Alipokuwa bado anaangalia, nusu ile ilirudi. Hesabu ikawa sifuri safi. Pipa halikuwa limezunguka hata kidogo.

Tangu siku hiyo alama ikawa inakuja na kuondoka. Bwana Barafu aliwakataza vijana wake kuingia inapoonekana, naye mwenyewe hakuwahi kukanyaga kwenye pipa bila kuinua macho kwanza. Kazi ikawa inasimama mara kwa mara. Meneja akasikia, akapiga simu, safari hii si kwa kupongeza. Alisema yeye anaendesha ghala la dawa, hafugi mashetani, na kama fundi wake hawezi kuondoa kistari kimoja kwenye skrini, wapo wengine mtaani wanaotafuta kazi.

Nukta alikiondoa. Ulikuwa mstari mmoja tu wa programu: sifuri ya aina yoyote, onyesha bila alama. Alama haikwenda kokote. Iliacha tu kuonekana.

Hakumwambia mumewe. Alipanga kumwambia wakifika nyumbani, kisha nyumbani wakala, wakacheka, wakalala, na asubuhi iliyofuata ikawa imekwisha kuwa jambo la jana.

Jumamosi kazi iliishia adhuhuri na ghala likawa kimya. Walibaki watatu. Mama mlinzi yuko langoni, Nukta mezani kwake anamalizia kazi ili waongozane nyumbani, na Bwana Barafu ana boksi moja lililochelewa ambalo alitaka kulipanga mahali pake. Jua la mchana lilikuwa linawaka nje, na hakuwa na haja ya koti zito kwa kazi ya kupeleka boksi moja. Alipita mbele ya pipa, akainua macho. Skrini ilisema sifuri, safi, bila alama. Akaweka kadi.

Simu ya ukutani, iliyounganishwa na chumba cha baridi tu kama ile ya nje pembeni ya pipa, ililia Nukta akiwa anafunga mkoba.

"Mke wangu." Sauti ilikuwa ya taratibu mno. "Taa hazijawaka."

"Umebonyeza kitufe?"

"Nimebonyeza. Pipa halizunguki. Na feni bado zinapuliza kwa nguvu zote."

Nukta aliangalia kompyuta yake. Hesabu: sifuri. Akafungua kilichofutwa nyuma yake, akaona nusu. Akaelewa. Kitu kile kilikuwa kimetoka kabla mumewe hajaingia, hesabu ikawa kasoro nusu, na alama ambayo ingemzuia mumewe ilikuwa imefichwa kwa mkono wa mkewe. Alipoingia, moja kamili ilijumlishwa na kasoro ile, ikabaki nusu. Na mashine hazigeuzi nusu kuwa namba kamili kama tulivyofundishwa shuleni. Zinaipeleka kwenye namba ya jirani inayogawanyika kwa mbili. Moja na nusu inapanda kuwa mbili. Nusu peke yake inashuka kuwa sifuri. Mumewe alikuwa amesimama gizani kwenye baridi ya kugandisha damu, amevaa shati, na kwa mashine hakuwapo.

"Subiri hapohapo kwenye pipa," alisema. "Naiandika mwenyewe. Ukiona taa tu, bonyeza."

Aliandika moja. Kwenye simu alisikia mumewe akisema taa, kisha akisema zimezimika. Hesabu ilikuwa imerudi nusu. Akaandika tano. Tano ikawa nne na nusu, ikawa nne, ikawa tatu na nusu, ikaenda hivyo mpaka chini kabla mumewe hajapata kukigusa kitufe. Akaandika elfu moja, na namba ikaanza kushuka nusu kwa nusu kwa nusu, upesi kuliko macho yanavyoweza kusoma, kama kwamba nusu watu walikuwa wanatoka chumbani mmoja baada ya mwingine kwa foleni ndefu isiyosukumana, na alipogeuza shingo kulitazama pipa kupitia kioo cha ofisi aliliona limesimama tuli, kavu, halina mtu, huku jicho moja la mwanga likifumba na kufumbua, likifumba na kufumbua, na harufu ya nywele zilizoungua ikiingia ofisini kupitia chini ya mlango.

Namba ikasimama. Nusu.

"Nukta." Mumewe alikuwa ananong'ona sasa. "Kuna mtu humu."

"Usimsemeshe."

"Yeye ndiye anayesema. Yuko karibu. Anasema, nihesabu. Anasema hivyo tu. Nihesabu na mimi."

Alikimbia. Mama mlinzi alikuwa amekwisha kuinuka, maana alikuwa ameona jicho likipepesa, na Nukta alimwambia kwa maneno yaliyogongana kwamba apige simu kwa zimamoto, ampigie meneja, alete blanketi, alete chochote. Meneja alipopatikana alisema zimeni umeme, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba umeme ukikatika pipa linajifunga. Zimamoto walisema wanakuja, wako mbali, na ukuta wa chuma wenye unene ule hautobolewi kwa dakika mbili.

Pembeni ya pipa kulikuwa na dirisha dogo la kioo, upana wa sinia. Nukta aliweka uso. Giza. Halafu kiganja cha mumewe kikaja kugusa kioo kutoka ndani, kucha zimekuwa za buluu.

Namba tupu kitu kile kiliweza kuila. Mtu mwenye nyama na mifupa, anayekatiza mbele ya macho yote mawili, kisingeweza kumla. Akiingia yeye, hesabu itakuwa moja na nusu, na moja na nusu ni mbili. Taa zitawaka. Pipa litafunguka.

"Ukiingia nani atakutoa?" mama mlinzi aliuliza, amemshika mkono.

"Nitajitoa mwenyewe. Niache, mama."

"Mwanangu, mimi sijui mashine. Lakini kitu kinachomwita mtu ndani, hakimwiti ili atoke."

Nukta aliweka kadi, akaingia kwenye pipa, pipa likazunguka.

Taa ziliwaka. Baridi ilimpiga usoni kama kofi, machozi yakaganda kwenye kope. Mumewe alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha, nywele zake nyeupe kwa barafu, meno yanagongana hata hawezi kufunga mdomo. Alipomwona mkewe alifanya uso wa mtu anayetaka kugomba.

"Kwa nini umeingia?"

"Inuka twende. Pipa liko wazi."

Alimsimamisha, akamkokota mpaka mlangoni, na hapo, mkono ukiwa tayari kwenye kitufe, Nukta akafanya hesabu ambayo haraka yake ilikuwa haikumpa nafasi ya kuifanya. Pipa ni la mtu mmoja. Akitoka mmoja wao, hesabu itashuka kutoka moja na nusu hadi nusu, na nusu ni sifuri. Anayebaki anafungiwa. Yeyote atakayeingia kumwokoa ataikuta hesabu hiyohiyo: wawili ndani, mmoja atoke, mmoja abaki. Wangeweza kuingia watu wa mji mzima mmoja mmoja, na siku zote angebaki mtu wa mwisho gizani pamoja na kile kinachoomba kuhesabiwa.

"Toka wewe," mumewe alisema. Alikuwa amekwisha kuelewa kwa kumtazama tu usoni. "Zimamoto watanikuta."

"Hawatakukuta hai."

"Nukta, toka."

"Nimekuweka humu mimi," alisema. "Ile alama. Niliificha mimi. Meneja alinitisha nikaificha, sikukuambia. Sitoki bila wewe, na usinibishie, sina nguvu ya kubishana."

Mumewe aliweka kiganja chake kilichokufa ganzi kwenye shavu la mkewe, na baridi yake iliunguza.

Tutatoka kama mmoja, Nukta aliwaza. Macho ya mwanga hayajui ndoa, yanajua kivuli tu kinachokatiza mbele yao. Akimbeba mgongoni, wakabanana pasiwe na upenyo, wao ni mtu mmoja. Na kile kitakachobaki ndani na nusu yake, kibaki nayo salama.

"Panda mgongoni," alisema. "Nishike shingo, uso wako uulaze hapa. Usiache hata nafasi ya kidole."

Akageuka, akachuchumaa mbele ya pipa, mikono nyuma. Taa zikapepesa. Zikazimika, zikawaka, zikazimika, na katika giza lile feni zikavuma na kitu kikahema karibu sana na sikio lake, naye akafumba macho akasema panda, mume wangu, panda haraka, usiogope, panda, mpaka akahisi mikono ikimzunguka shingoni na magoti yakimbana kiunoni na kifua kikijilaza juu ya mgongo wake bila kuacha hata nafasi ya kidole, na mikono ile ilikuwa ya moto, ya moto kweli, mpaka akashukuru kwamba damu imemrudia, na alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mwanamume wa umbo lake anavyopaswa kuwa, lakini baridi inapunguza watu, nani asiyejua, na hofu inampa mtu nguvu, naye hakugeuza shingo kwa sababu kugeuza shingo kungefungua upenyo, akainuka, taa zikamulika mara moja, akabonyeza kitufe kwa kiwiko, akaingia kwenye pipa amejikunja, macho yote mawili ya mwanga yakapita juu yao, pipa likazunguka.

Joto. Mwanga wa mchana. Mama mlinzi akaja mbio na blanketi, akalitupa juu yao wote wawili, akawa analia na kucheka.

"Umemtoa! Mungu wangu, umemtoa! Bwana Barafu, hujambo? Amka, baba, uko nje!"

"Sijambo," sauti ya mumewe ilisema, karibu na sikio la Nukta.

Alitaka kumshusha. Aliinama ili ateleze taratibu, lakini mikono ya shingoni haikulegea. Amekakamaa kwa baridi, alijiambia. Atalegea.

Hapo simu ya ukutani ikalia.

Ilikuwa ile iliyo pembeni ya pipa, na ilikuwa inaunganishwa na mahali pamoja tu. Nukta aliitazama ikilia. Mama mlinzi hakuijali, alikuwa anasugua miguu iliyoning'inia kiunoni kwa Nukta na kusema jinsi ilivyo na joto, ajabu hii. Nukta akaipokea.

"Umeenda wapi?" Meno yalikuwa yanagongana, maneno yanatoka vipandevipande. "Taa zilizimika, nikawa nakutafuta kwa mikono. Ulisema nipande. Nilikuwa nakuja, mke wangu. Nilikuwa bado nakuja."

Aliinua macho kwenye skrini. Sifuri. Hakuwa na kompyuta mbele yake, lakini hakuihitaji. Alijua kwamba safari hii nyuma ya sifuri ile hapakuwa na nusu yoyote, wala ya ziada wala ya pungufu: alikuwa ametoka yeye, na nusu ile ikatoka naye mgongoni. Ndani ya ukuta feni zilibadilisha mlio, zikaanza kupuliza kwa nguvu zote.

"Mama," alisema, "sikiliza simu hii. Sikiliza, tafadhali."

Mama mlinzi aliiweka sikioni, akakunja uso. "Nasikia feni tu, mwanangu. Baridi imeiharibu. Iache hiyo, tumpeleke mumeo hospitali."

Nukta aliikwapua kadi yake, akaibandika mahali pake, akajitupa kwenye pipa na mzigo wake mgongoni. Angeingia tena. Angeingia mara mia. Macho mawili ya mwanga yakapita juu yao kama yalivyopita walipokuwa wanatoka, wamebanana vilevile, hakuna hata nafasi ya kidole. Pipa halikuzunguka. Taa nyekundu ikawaka, na maandishi aliyoyaandika yeye mwenyewe mwaka uliopita yakatokea mbele ya uso wake:

WATU WAWILI. TAFADHALI INGIA MMOJA MMOJA.

"Ahsante," kilimwambia sikioni, kwa sauti ya mumewe, kwa upole wa mumewe. "Umenihesabu."

Alijipigiza ukutani. Aliing'ata mikono ile, akaichana kwa kucha, na mama mlinzi akawa anapiga kelele, unamuumiza mumeo, umerukwa na akili, mwache, huku akijaribu kumshika. Nukta alijikokota mpaka kwenye dirisha dogo. Kwenye giza la upande wa pili kiganja kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo, na nyuma ya kiganja kulikuwa na uso, na mdomo wa uso ule ulikuwa unaliita jina lake, lile la nyumbani ambalo kazini mumewe peke yake ndiye aliyelijua.

"Mwone!" alilia. "Yule pale! Mama, mtazame!"

Mama mlinzi alisogea, akainama, akakaza macho. Kioo kilikuwa kimeanza kuwa cheupe.

"Hakuna mtu, mwanangu," alisema, akilia kwa huruma. "Chumba ni kitupu. Angalia hata skrini."

"Twende nyumbani, mke wangu," kilisema kilichokuwa mgongoni.

Nukta aliweka kiganja juu ya kile kiganja. Barafu ilikuwa inakua kwenye kioo kuanzia pembeni kuja katikati, ikikifunika kidole kimoja baada ya kingine. Akaifuta kwa mkono, akaifuta kwa kitambaa cha kichwani, akaihemea, akaifuta tena, lakini barafu ilikuwa upande wa ndani.